Soma Mikono Kwanza: Jinsi ya Kumtambua Mungu kwenye Sarafu ya Shaba ya Kirumi

Aliyewahi kushika shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966 atakumbuka: upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili mkono umeshika mwenge. Mkono tu. Hakuna uso wala mwili, na sikumbuki mtu aliyeuliza huo mkono ni wa nani. Mwenge ulijieleza.

Sarafu ya Kirumi inasomwa vivyo hivyo. Anayeanza hukodolea macho uso, akitafuta ndevu za Jupiter au uzuri wa Venus. Anapoteza muda. Uso wa mungu kwenye sarafu una ukubwa wa punje ya mchele, tena ndio ulioinuka kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ndio unaolika kwanza. Mara nyingi kinachobaki ni mstari wa mwili na kile kilichoshikwa mkononi. Hicho ndicho jina lake.

Hatua zifuatazo ni za mtu mwenye sarafu moja mkononi, au picha yake nzuri, asiyejua Kilatini hata neno moja.

Hatua ya kwanza: acha ndimu jikoni

Nyumbani kwetu sinia la shaba lilisuguliwa kwa ndimu na majivu kila Idi ilipokaribia, mpaka ujione sura. Basi sarafu yangu ya kwanza ya Kirumi, niliyoinunua kwa pauni nne kwenye meza ya vikorokoro vya kale sokoni Leicester, niliipeleka jikoni siku ileile. Ndimu moja, dakika tano. Ikatoka inang'aa kama ufunguo uliochongwa leo, na yule aliyesimama upande wa nyuma akabaki kivuli.

Ile rangi ya kijani au ya kahawia juu ya shaba ya kale si uchafu. Ni shaba yenyewe, imebadilika kwa kukutana na hewa, maji na chumvi za udongoni kwa karne nyingi, na mistari midogo ya mchoro mara nyingi imo ndani ya tabaka hilo. Ukilivua, umevua mchoro.

Kama kuna udongo umeganda, loweka sarafu kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa ya kuongezea betri za gari (soma chupa vizuri, isiwe asidi). Badilisha maji kila siku, kisha chokoa taratibu kwa kijiti cha meno. Ukiona vidoa vya unga wa kijani mpauko vinavyorudi kila ukivipangusa, hayo ni maradhi ya shaba, yanayoletwa na chumvi na unyevu. Itenge na wenzake, iweke pakavu kabisa, umwone mtu anayejua kuhifadhi metali.

Hatua ya pili: pima kabla ya kukisia

Mizani ya sonara na rula vinatosha. Uzito na upana vitakwambia uko karne ipi kabla hujaona herufi hata moja.

Baada ya Augusto kupanga upya sarafu, karibu mwaka 23 KK, dinari moja ya fedha ilikuwa sawa na sestertio 4, au dupondio 8, au asi 16. (Katika katalogi utazikuta kama sestertius, dupondius na as, ukitafuta mtandaoni andika hivyo.) Sestertio ni pande kubwa la metali: karibu gramu 25, upana wa milimita 32 hadi 35. Dupondio ina gramu 12 au 13, na asi 10 au 11, kwa hiyo hizi mbili huchanganywa sana. Rangi husaidia pale tabaka lilipokwanguka: sestertio na dupondio zilikuwa shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na asi ilikuwa shaba nyekundu. Kuanzia Nero, kaisari wa kwenye dupondio kwa kawaida huvaa taji la miale, na wa kwenye asi huvaa taji la majani.

Wasomaji wa Injili wameshapita kwenye fedha hizi bila kujua. Shomoro wawili wa Mathayo 10 waliuzwa kwa assarion moja, nayo ni asi. Vile visenti viwili vya mjane, kwa maelezo ya Marko mwenyewe, vilifanya kwadransi moja, robo ya asi.

Sarafu ikiwa na gramu 10 hivi lakini nyembamba na pana, kaisari ana shingo nene na ndevu fupi, fikiria Diocletianus na mageuzi yake ya karibu mwaka 294. Wakusanyaji wengi huiita follis. Neno hilo la Kilatini, maana yake mfuko, lilipitia Kigiriki likafika Kiarabu kama fals, wingi wake fulus, nasi tukalipokea bandarini: fulusi. Na ikiwa ni kijisarafu cha gramu 2 au 3, milimita 17, uko kwa Konstantino na wanawe. Hizo ndizo zilizojaa madukani, na za bei nafuu.

Hatua ya tatu: upande wa kichwa, ni kaisari au mungu?

Mara nyingi ni kaisari, na hapo huna kazi. Mungu yuko nyuma. Lakini kama sarafu ni ya enzi ya Jamhuri, kabla ya makaisari, mambo hugeuka: miungu hukaa mbele, na nyuma kila mmoja ana picha ileile, omo ya merikebu ya vita.

Mfumo huo naupenda kuliko yote. Kila thamani ilikuwa na mungu wake, asiyejua kusoma akahesabu fedha kwa sura. Janus mwenye nyuso mbili, moja ikitazama kulia na nyingine kushoto, alikuwa asi nzima, alama yake I. Saturnus mwenye ndevu alikuwa nusu, alama S. Minerva mwenye kofia ya vita alikuwa theluthi, nukta nne. Hercules aliyejifunika ngozi ya simba alikuwa robo, nukta tatu. Mercurius mwenye kofia yenye mabawa alikuwa sudusi, nukta mbili. Roma, jiji lenyewe lililofanywa mungu, naye na kofia yake ya vita, alikuwa sehemu moja ya kumi na mbili, nukta moja. Ukimwona mwenye kofia ya vita, usibishane: hesabu nukta.

Hatua ya nne: mikono

Geuza sarafu. Weka taa ya simu pembeni, iwe chini karibu na meza, ili mwanga upite juu ya sarafu kwa mshazari; vivuli vitatokea pale ambapo mwanga wa juu ulifuta kila kitu. Kumbuka aliyesimama amekuelekea: mkono wake wa kulia uko kushoto kwako. Waandishi wa katalogi husema mkono wa mwenye mwili, si wako. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikitafuta sarafu ambayo haipo, kwa kugeuza mikono.

Anza na mabawa. Mwenye mabawa ni Victoria, ushindi, karibu kila mara; mkononi ana shada la majani, na mwingine kuti la mtende. Hakuna mabawa? Shuka mikononi.

Jupiter hushika radi, ambayo kwenye sarafu ndogo huonekana kama kifungu cha kuni kilichobanwa katikati, na fimbo ndefu ya enzi. Tai akiwa miguuni, kesi imekwisha. Juno, mkewe, ana fimbo kama hiyo na kisahani cha kumiminia tambiko, na tausi chini. Kisahani hicho kitakusumbua, kwa sababu nusu ya miungu wanacho; peke yake si ushahidi. Neptunus ana mkuki wa ncha tatu na pomboo mdogo kiganjani. Sarafu yake maarufu ni asi iliyotolewa zama za kaisari Caligula kwa heshima ya babu yake, jemadari Agrippa: mbele kichwa cha Agrippa kina taji la omo za merikebu, nyuma Neptunus na S C. Zilitengenezwa kwa wingi, na hata zilizochakaa husomeka. Ukitaka sarafu ya kujifunzia, anza na hiyo.

Mercurius ana mfuko wa fedha mkono mmoja na fimbo yenye nyoka wawili mkono mwingine. Ndiye Herme wa Matendo ya Mitume, jina alilopewa Paulo kule Listra kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji; Barnaba akaitwa Zeu, yaani Jupiter. Diana, Artemi wa Waefeso kwa jina lake la Kigiriki, ana upinde na podo, na mara nyingi paa au mbwa pembeni. Apollo ana kinubi. Hapo kuna mtego: kwenye asi kadhaa za Nero, anayetembea akipiga kinubi na vazi refu la muziki amevaa pengine ni Nero mwenyewe. Suetonius, Mroma aliyeandika maisha ya makaisari, ameandika kwamba Nero alipiga chapa sarafu inayomwonyesha katika mavazi ya mpiga kinubi. Kaisari alipenda jukwaa.

Ceres ana masuke ya ngano na mwenge mrefu. Vesta hufunika kichwa ushungi na kukaa kitini kwa utulivu. Asi ya Caligula inayomwonyesha ina neno VESTA juu kabisa, huwezi kumkosa. Venus hushika tofaa. Sol, jua, ana miale kichwani, mkono wa kulia ameuinua kama anayeamkia watu, na wa kushoto una tufe au mjeledi. Aesculapius, mganga, huegemea fimbo yenye nyoka mmoja. Huyo usimchanganye na Mercurius, hesabu nyoka. Mwanamke anayemlisha nyoka kwa kisahani ni Salus, afya. Cybele ana taji la minara ya ngome, simba ubavuni, na tari mkononi, tari hasa, kama la maulidi.

Wenye kofia ya vita na mkuki ni wanne, nao huwachanganya hata wazoefu. Mars ni mwanamume, na akibeba begani nyara za vita zilizotundikwa mtini huna shaka tena. Minerva amevaa vazi refu hadi miguuni, na bundi ni wake. Roma hukaa juu ya rundo la ngao, kiganjani amempakata Victoria mdogo. Virtus, ushujaa, amevaa kanzu fupi inayoishia magotini, mguu mmoja mara nyingi umekanyaga kofia ya vita. Tazama pindo la nguo kabla ya kutazama silaha.

Kisha kuna kundi kubwa kuliko yote, ambalo si miungu wa hadithi bali ni tabia njema na matumaini yaliyovishwa nguo. Hawa ndio utakaokutana nao zaidi kuanzia karne ya 2. Wengi wana pembe ya neema mkono wa kushoto, ile pembe iliyojaa matunda, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaoamua. Usukani wa chombo: Fortuna, bahati, kwa sababu bahati ndiyo inayoshika sukani. Mizani: Aequitas, haki katika vipimo. Tawi la mzeituni: Pax, amani. Fimbo ya nyoka wawili: Felicitas, heri. Kofia ya mtumwa aliyeachwa huru: Libertas. Masuke juu ya pishi ya nafaka, na omo ya jahazi nyuma yake: Annona, shehena ya ngano iliyolisha jiji la Roma, sehemu kubwa ikitoka Misri na Afrika ya Kaskazini. Spes, tumaini, hana pembe. Ameshika ua dogo na mkono mwingine umeinua pindo la vazi kama anayevuka tope. Securitas, usalama, ameegemea nguzo na kukunja miguu kama mtu aliyemaliza kazi zake zote za siku.

Ukishindwa kabisa, tazama upande wa kichwa ni nani. Wake wa makaisari walipewa Juno, Venus, Vesta, Ceres, na Pudicitia, staha, anayejivuta ushungi usoni. Ukiona nywele za kike mbele, wapiganaji wengi umeshawaondoa.

Hatua ya tano: herufi

Habari njema kwa Mswahili ni kwamba Kilatini husomwa kama kilivyoandikwa, irabu zake ni zetu. V ni U pia, na I husimama mahali pa J: IVNO ni Juno. Maandishi mengi huanza chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa.

S C mbili kubwa si jina la mungu. Ni *Senatus Consulto*, kwa uamuzi wa Seneti, na zimo kwenye maelfu ya sarafu. AVG mwishoni ni Augusto, cheo cha kaisari. AVGG ni makaisari wawili, AVGGG watatu. Jina la mungu likiishia kwa I au AE, lina maana ya "kwa": IOVI CONSERVATORI, kwa Jupiter mhifadhi, MARTI, kwa Mars, SOLI INVICTO COMITI, kwa Jua lisiloshindwa, mwandani. Hilo la mwisho ni la Konstantino, na liliendelea kutoka kwenye viwanda vyake miaka kadhaa baada ya ushindi wake kwenye Daraja la Milvio mwaka 312, ushindi unaohusishwa na kugeukia kwake Ukristo. Anayedhani alibadili dini na fedha siku moja, aishike moja ya sarafu hizo.

Kuna mahali herufi ndizo pekee zenye jibu. Aequitas na Moneta wote wana mizani na pembe ya neema. Wamefanana kama kurwa na doto. Bila AEQVITAS au MONETA kusomeka, andika "mmoja wa wawili" uendelee na maisha. Moneta alipata jina kutoka hekalu la Juno Moneta juu ya kilima cha Capitolium, ambako jiji lilitengeneza sarafu zake; Waitaliano hadi leo huita sarafu *moneta*.

Na kuna mahali herufi hupotosha. Vijisarafu vya makaisari Valentinianus na Valens, vya baada ya mwaka 364, vimeandikwa SECVRITAS REIPVBLICAE, usalama wa dola. Wengi husoma wakaandika "Securitas". Lakini aliyechorwa ana mabawa, shada na kuti la mtende. Ni Victoria, maandishi yanataja anacholeta. Mikono imeshinda.

Kaisari Gallienus alikwenda mbali zaidi. Miaka ya 267 na 268, hali ikiwa mbaya, alitoa mfululizo wa kuomba ulinzi wa miungu, kwenye sarafu zilizoitwa za fedha lakini fedha yake ilikuwa ndogo mno, nyingine unaona shaba tupu. Nyuma hakuna mungu kabisa, kuna mnyama wake: paa kwa Diana, chui kwa Liber, mungu wa mvinyo, mbuzi kwa Jupiter, farasi mwenye mkia wa samaki kwa Neptunus. Sarafu yenye mnyama peke yake na neno CONS, kifupi cha "mhifadhi", imetoka huko.

Herufi zikiwa za Kigiriki

Basi huenda imetoka Alexandria. Misri ilikuwa na fedha yake mpaka mageuzi ya Diocletianus: drakma za shaba nene (drakma ndiyo mama wa dirhamu), na tarehe imeandikwa kwa alama kama L ikifuatwa na herufi za mwaka wa utawala.

Hapa utamkuta Serapis na pishi ya nafaka kichwani, Isis na kayamba lake, na yule ninayemngoja kila ninapofungua boksi jipya, Nilus, yaani Mto Nile wenyewe: mzee amejilaza, tete mkono mmoja, pembe ya neema mkono mwingine, mamba chini yake. Baadhi zina herufi ΙϚ, yaani 16. Ni dhiraa 16, kina cha mafuriko kilichotakiwa ili mashamba yashibe. Mafuriko yenyewe yalikuja hasa na mvua za milima ya Ethiopia, lakini maji ya mwaka mzima ni haya yanayotoka Jinja na vijito vya Burundi.

Kaisari Hadrianus naye, kwenye sarafu zilizopigwa Roma, aliweka AFRICA: mwanamke amelala, kichwani ngozi ya uso wa tembo na mkonga umeinuka, mkononi nge. Africa hiyo ni jimbo lao la kaskazini, nchi ya Karthago, si bara zima.

Hatua ya sita: linganisha, kisha tilia shaka

Andika ulichoona, si ulichokisia, kwenye OCRE, hazina ya bure mtandaoni ya sarafu za makaisari inayosimamiwa na American Numismatic Society. Ya enzi ya Jamhuri inaitwa CRRO. Tafuta kwa kaisari, thamani na jina la mungu. Picha za British Museum nazo ni wazi kwa wote.

Kama mchoro wako unasomeka vizuri kupita zote za makumbusho, hofia. Sarafu bandia za kumimina zina vijitundu vya hewa na mstari ukingoni. Giovanni da Cavino wa Padua alikuwa akichonga sestertio za kuiga katika karne ya 16, nzuri kiasi kwamba leo zinakusanywa zenyewe. Mbaya zaidi ni sarafu halisi iliyochongwa upya: fundi hunoa mistari iliyofifia, na akikosea, usukani wa Fortuna unageuka kuwa kitu ambacho Mroma hakuwahi kukiona. Uliza pia imetoka wapi. Misri, Italia na Uturuki zinakataza kuondoa vya kale bila kibali, na muuzaji asiye na karatasi amekupa jibu tayari.

Mwisho jaza kadi: uzito, upana, metali, kichwa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kilicho miguuni, maandishi yaliyobaki, na nukta pale herufi zilipofutika. Jina la mungu liandike la mwisho.

Ile ya Leicester nayo ina kadi. Gramu 10.4, milimita 27, shaba nyekundu, S C kwa mbali. Mbele, sikio na shingo. Nyuma, mtu amesimama, vazi refu. Mkono wa kulia: nafasi tupu.